Chupa Kabla ya Jumatatu

Likizo ya uzazi ya mke wangu ilikuwa imebakiza siku kumi na moja, na binti yetu alikuwa hajakubali chupa hata mara moja. Tatizo lilikuwa hilo tu, na lingetosha kuelezwa kwa sentensi moja, lakini siku zile sikuwa mtu wa sentensi moja.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya takwimu mwezi Desemba. Kazi nilikuwa nimeahidiwa katika ofisi moja kule Eagan, mji wa jirani, ila kadi yangu ya ruhusa ya kufanya kazi ilikuwa haijafika, na kila mchana nilishuka kwenye sanduku la barua nikarudi mikono mitupu. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa aje kutusaidia, alikuwa bado Nakuru, maana tarehe yake ya mahojiano ya viza ilisogezwa mbele, kisha ikasogezwa tena. Basi tulikubaliana kwamba mke wangu, ambaye ni nesi, arudi hospitalini, nami nibaki nyumbani na mtoto mpaka kadi ije. Bima ya matibabu ya sisi watatu ilitoka kwenye kazi yake, kwa hiyo kuongeza likizo hakukuwa jambo la kujadiliwa. Mpango wetu ulikuwa na shimo moja tu. Mtoto wa wiki kumi na mbili, asiyejua chakula kingine ila ziwa la mama yake, angekula nini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni?

Maziwa yalikuwepo. Mke wangu alikuwa ameyakamua kwa mashine na kuyagandisha katika vifuko, nami nikavipanga kwenye friza kwa tarehe, vya zamani mbele. Chupa pia zilikuwepo, za aina nne, kwa sababu kila aina ilipokataliwa nilinunua nyingine. Nilipima joto la maziwa kwa kipimajoto, nikagundua kwamba hata digrii moja zaidi au pungufu haikubadilisha kitu. Binti yetu alikuwa akiiona chupa inakuja, anafunga mdomo, anageuza uso kwenye kwapa langu na kunitazama kwa jicho moja kama mtu anayeuziwa simu ya wizi. Nikisisitiza kidogo, analia. Nikisisitiza zaidi, mama yake anatoka chumbani, kwa sababu kilio kile kilikuwa kikimletea maziwa kifuani hata kama hataki, naye anaishia kumnyonyesha. Nami ninakwenda kwenye kompyuta kuandika.

Nilikuwa na jedwali. Humo niliandika saa ya kunyonya, ziwa lipi, dakika ngapi, saa ya kulala, alilala wapi, aliamka akilia au akitabasamu. Kutokana na jedwali hilo nilitengeneza ratiba ya siku nzima: anyonye, acheze kidogo, alale, kisha azunguke tena vivyo hivyo, na kati ya saa tatu na saa nne asubuhi nikaweka jaribio la chupa. Mke wangu aliitazama akasema ni nzuri sana, lakini mtoto mwenyewe bado hajaisoma.

Kilichoivuruga ratiba zaidi ya mtoto ni wageni. Sisi ni watu wa kanisa dogo la Wakenya hapa Saint Paul, Marekani, na wanawake wa kanisa hilo hawajui kuuliza kama waje. Wanapiga simu wakiwa tayari chini mlangoni, wamebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo, wanasema fungua baridi isituue. Wanavua mabuti, wananawa mikono hadi kwenye viwiko kama wanaingia chumba cha upasuaji, halafu wanaulizia mtoto. Ukiwaambia amelala, wanasema ni sawa, tutamwangalia tu. Kumwangalia maana yake ni kumnyanyua. Mtoto ambaye nimehangaika naye dakika arobaini mpaka akalala anaamshwa ili aambiwe kwamba amefanana na bibi yake, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Niliwapenda wanawake hao. Uji wao ndio uliomsimamisha mke wangu baada ya uzazi. Lakini siku zilikuwa zinayoyoma, na nikaamua kuwaeleza, kwa heshima, saa ambazo wasije.

Nilichukua karibu saa mbili kuandika ujumbe wa mistari mitano. Mara ya kwanza nilisema tunaomba msije wakati mtoto amelala, nikaona ni kama ninawafungia mlango. Nikalegeza. Nikaandika kwamba usingizi wa mtoto ni muhimu kwa ukuaji, nikaona ninawafundisha watu waliolea watoto kabla mimi sijazaliwa. Nikalegeza tena. Mwishowe ujumbe uliokwenda kwenye kikundi cha simu cha akina mama ulisema tunawashukuru kwa upendo wao, na hii hapa ni ratiba ya mtoto kwa wiki inayokuja, ili tusaidiane. Chini yake nikaweka picha ya jedwali langu: siku juu, saa pembeni, visanduku vya rangi ya samawati kwa usingizi, kijani kwa kunyonya, manjano kwa chupa.

Jambo ambalo sikulifikiria, mimi niliyefikiria kila jambo, ni kwamba karibu kila mwanamke katika kikundi hicho anafanya kazi ya kutunza wazee au wagonjwa. Maisha yao yote hapa yanaendeshwa na karatasi yenye siku juu, saa pembeni na visanduku vya rangi katikati. Karatasi kama hiyo ikitumwa, mtu hajiulizi inamaanisha nini. Anatafuta kisanduku ambacho hakina mtu.

Majibu yalianza kabla sijaweka simu chini. Mmoja alisema Jumanne asubuhi ni yake. Mwingine akasema Jumatano yeye anatoka kazini saa moja, anaweza kupitia moja kwa moja mpaka saa tano. Wa tatu akaomba aachiwe Alhamisi mchana kwa sababu asubuhi anapiga dabo, shifti ya pili baada ya ile ya usiku. Kufikia wakati wa chakula cha jioni wiki nzima ilikuwa imejaa, na walikuwa wamechagua kwa makusudi visanduku vya samawati na vya manjano. Vya kijani waliviacha, wakasema hivyo ni vya mama mwenyewe.

Mke wangu alicheka mpaka akashika mshono wake wa upasuaji wa uzazi, ambao ulikuwa umeshapona lakini bado hauamini.

"Umewatengenezea shifti," alisema.

Nilimwambia nitaandika tena nieleze.

"Ukiifuta hiyo utakuwa umewafuta kazi wote. Waache waje. Na mimi nitalala."

Wakaja. Walifika kwa wakati kuliko basi lolote la mji huu. Na jambo lililonishangaza ni kwamba walikabidhiana. Anayeondoka alimsubiri anayeingia, wakasimama karibu na mabuti, na wa kwanza akatoa ripoti kwa sauti ya chini: amekojoa mara mbili, choo bado, amelala saa moja na nusu, ana upele kidogo shingoni, umwangalie. Kisha akavaa koti akaenda. Nilianza kuwafuata na daftari nikiandika, mpaka mmoja akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Usingizi ulikuwa wa kwanza kubadilika. Katika kitanda chake binti yetu alikuwa akilala dakika ishirini, anashtuka. Mgongoni mwa mwanamke aliyemfunga kwa leso, anayekosha vyombo ambavyo hakuombwa akoshe, alilala saa moja na zaidi, shavu limebanwa kama andazi. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto azoeshwe kulala mahali pamoja, chali, bila kubebwa, nikasema hivyo kwa upole. Yule wa Alhamisi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kitandani alale usiku, huko nakubaliana na wewe, lakini mchana kuna kazi. Kisha akanigeuza, akaniinamisha, akamweka mtoto mgongoni pangu na kunionyesha jinsi ya kuvuta leso chini ya makalio ya mtoto na kukaza juu kifuani. Aliniambia nitembee. Nilitembea kutoka sebuleni mpaka jikoni nimepinda kama mzee wa miaka themanini. Alisema, "Simama wima, Baba Toto, hajawahi kuanguka mtoto kwa sababu baba yake amesimama." Kufikia Ijumaa nilikuwa ninaweza kufua nikiwa naye mgongoni.

Chupa nayo ilibadilika, ila si kwa njia niliyoitaka. Jumatano, yule aliyetoka kazini saa moja aliketi kwenye kochi akiwa bado na sare yake ya kazi, macho mekundu kwa kukesha, akampa mtoto chupa huku akimweleza mke wangu habari za msimamizi wake mpya. Mtoto akanyonya. Mke wangu akanikanyaga mguu nisiseme kitu. Mtoto alimaliza nusu ya chupa. Alhamisi akanyonya tena, kwa mwanamke mwingine. Ijumaa kwa mwingine.

Kwangu, hapana. Nilijaribu kila siku baada yao, chupa ile ile, maziwa yale yale, kochi lile lile, na kila siku alifunga mdomo na kunitazama kwa jicho lile. Nilianza kuhesabu sababu. Huenda ni ndevu, nikazinyoa. Huenda ni sauti, nikanyamaza. Huenda ni harufu, nikavaa leso ya mama yake shingoni, jambo ambalo mke wangu alilipiga picha. Sababu ambayo sikuiandika kwenye jedwali ilikuwa nyingine. Nilikuwa nikijiuliza kama mtoto ameona jambo ambalo watu wazima hawalioni, kwamba mimi si mtu wa kuachiwa naye. Wale wanawake walikuwa wamechagua saa za wiki hiyo tu. Jumatatu ingekuwa mimi na yeye tu.

Jumamosi alikuja yule tunayemwita Shosho, yaani bibi, kama wanavyomwita wote kanisani. Ana umri wa kustaafu na hataki kusikia neno hilo. Anafanya kazi katika nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, huku Saint Paul, na ameifanya miaka mingi kuliko nilivyosoma mimi. Hakuomba mtoto. Aliomba chai, akaketi, akasema nimpe mtoto chupa yeye anione.

Nilifanya kama kawaida. Niliketi kwenye kona ya kochi, nikamlaza mtoto mkononi, nikaileta chupa taratibu kwa pembe niliyoifanyia utafiti. Mtoto akafunga mdomo. Nikasubiri. Nikagusa mdomo wake wa chini kwa chuchu ya chupa. Akageuza uso. Shosho alikuwa anapuliza chai yake.

"Wewe unamwangalia mdomo," alisema.

Nikasema ndiyo, ninaangalia kama ameushika vizuri, na ninaangalia mistari ya chupa.

"Mimi nikikualika kwangu, nikuwekee ugali, halafu nikae hapa mbele nikuangalie mdomo hivyo, utakula?"

Nilisema nisingekula.

Alinieleza kwamba kule kazini kuna mzee ambaye akilishwa na wafanyakazi wapya hali kabisa. Wanakaa mbele yake na kijiko, wamefungua midomo yao wenyewe, wanangoja. Mzee anakasirika, anafunga meno. Yeye Shosho anakaa kando yake, si mbele, wanatazama dirishani pamoja, na kijiko kinakwenda chenyewe. Aliyasema hayo bila kuyafanya kuwa somo, kama mtu anayesema chumvi iko kabati gani. Kisha akainuka, akakivuta kiti cha meza mpaka dirishani, akaniketisha. Alimgeuza mtoto mgongo wake ukaegemea kifua changu, uso nje, na chupa akanipa niishike kwa pembeni, mahali ambapo nisingeweza kuona mistari yake hata kama ningetaka. Yeye mwenyewe akasimama nyuma na chai yake.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Chini kwenye maegesho kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akichimbua gari lake kwa koleo. Alikuwa anachota theluji ya mbele na kuitupa nyuma ya gari hilo hilo.

"Huyo anatoka wapi?" Shosho aliuliza.

Nilisema sijui, sijawahi kumwona.

"Ni mgeni. Ona anakoirusha. Atatokea wapi akimaliza?"

Nilisema labda anataka kutoka kwa mbele. Shosho akasema mbele kuna ukuta. Tukatazama. Ni kweli, mbele kulikuwa na ukuta. Mwanamume yule aliendelea kwa bidii kubwa, akasimama kupumzika, akapiga picha gari lake, akaendelea. Shosho alisema huenda anamtumia mama yake. Nikakumbuka majira yangu ya kwanza ya baridi hapa, nilivyomwaga maji ya moto kwenye kioo cha gari la rafiki yangu nikidhani ninamsaidia, na kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Nikamsimulia. Alicheka kimya kimya, mabega tu. Akanisimulia jinsi yeye, wiki yake ya kwanza, alivyoona mvuke ukitoka kwenye vinywa vya watu kituoni akafikiri mji mzima unavuta sigara. Chini, mwanamume alikuwa amezunguka nyuma ya gari, akaona alichokifanya, akaweka mikono kiunoni. Mwingine akatoka kwenye jengo la pili na koleo lake, bila kuitwa, wakaanza upya wawili.

Nilihisi chupa ni nyepesi. Sikuangalia mara moja, na hilo naliona hadi leo kuwa mafanikio yangu makubwa kuliko shahada. Ndipo niliposikia ile sauti ya hewa inayotoka kwenye chupa tupu. Binti yetu alikuwa amemaliza yote na alikuwa bado anatazama koleo.

Shosho aliichukua chupa akaenda kuikosha. Alichosema tu ni kwamba nimbeulishe, asije akanitapikia.

Jumapili alikubali mara moja, akakataa mara moja. Sikuandika popote, ingawa hesabu hiyo niliibeba kichwani siku nzima.

Jumatatu mke wangu aliondoka kukiwa bado na giza. Alimnyonyesha, akamweka mikononi mwangu, akafika mlangoni, akarudi kumnusa kichwa, akafika mlangoni tena. Aliniambia nisimpigie simu isipokuwa kuna shida. Nikamwomba anifafanulie shida ni nini. Akaniambia nitaijua.

Saa tatu nilivuta kiti dirishani. Maegesho yalikuwa matupu, magari yote yameenda kazini, hakuna hata ndege. Nilimshika kama nilivyofundishwa. Alikataa. Nilitazama nje kwa nguvu zangu zote, lakini mtoto anajua tofauti kati ya mtu anayetazama nje na mtu anayejifanya, na mimi nilikuwa ninajifanya. Akaanza kulia. Nilimtembeza. Nilimwimbia nyimbo zote za shule ya Jumapili nilizozikumbuka na moja ya kampeni. Nilibadilisha nepi iliyokuwa kavu. Nilipasha maziwa upya, na upya tena. Dakika arobaini alilia, na katika dakika hizo niliishika simu mara tatu nikaiweka chini mara tatu, kwa sababu niliona wazi kwamba hiyo haikuwa shida. Alikuwa amemkosa mama yake tu, na mimi pia.

Mwishowe nilitambua kwamba sijala tangu jana jioni. Wale wanawake walikuwa wametuachia friji iliyojaa. Nilitoa chapati na ndengu, sikupasha hata moto, nikaketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati. Mtoto alikuwa katika mkono wa kushoto, chupa imeegemea hapo hapo kwenye vidole vya mkono huo huo kwa sababu sikuwa na pa kuiweka. Kwa mkono wa kulia nilikula. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nilikata chapati, nikachota ndengu, nikala tena, na kwa muda fulani sikuwa na wazo lolote kichwani isipokuwa kwamba aliyepika ndengu zile alitia nazi. Kilio kilikuwa kimekoma. Sikujua kimekoma lini. Nilisikia kumeza, nikafikiri ni mimi.

Tulikula wote wawili. Nilipomaliza chapati ya pili naye alikuwa amelegea, maziwa yanamtiririka kidevuni. Baada ya hapo siku ilikwenda. Alilala mgongoni pangu nikifua, akaamka, akakubali chupa ya saa saba bila maneno mengi, akaikataa ya saa tisa kisha akaikubali. Sikuweza kusema alikunywa kiasi gani. Kila mara nilipokumbuka kuangalia, nilikuwa nimeshaiosha chupa.

Mke wangu aliingia saa kumi na dakika chache, koti halijafunguliwa, viatu vya kazini bado miguuni. Alikuwa ameendesha gari akiwa na maumivu ya maziwa yaliyojaa kifuani, na sare yake ilikuwa imelowa mbele. Aliuliza yuko wapi. Nilimgeukia nimwonyeshe mgongo. Binti yetu alikuwa usingizini ndani ya leso, ameshiba.

"Amekula?"

Nilisema amekula. Mara tatu, na zote zimekaa tumboni.

Nilidhani atafurahi, na alifurahi. Aliketi kwenye kiti cha karibu, akapumua, akasema Mungu ni mwema. Kisha akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi.

"Hata hakunitafuta?"

Wiki mbili nzima nilikuwa nimeliogopa jibu moja tu, kwamba mtoto atakataa. Jibu la pili sikuwa nimeliandaa. Niliketi mbele yake taratibu ili leso isilegee, nikamsimulia dakika arobaini. Nilimwambia jinsi mtoto alivyougeukia mlango kila lifti iliposikika, jinsi alivyonusa blanketi la mama yake akalia zaidi, jinsi nyimbo zangu zilivyokataliwa moja moja. Nilimweleza ile simu niliyoishika mara tatu. Mengine yalitokea hivyo hasa. Ya lifti niliongeza kidogo, kwa sababu niliuona uso wake unafunguka na sikutaka kuishiwa na maneno.

"Dakika arobaini?" aliuliza.

"Karibu hamsini," nilisema.

Alikivua kiatu cha pili. Alisema mtoto maskini, kwa sauti ya mtu aliyeridhika kabisa, akanyoosha mikono. Nikafungua leso.